Siku kumi na tano zisizo na mwisho

Ndugu wachimbaji, wamama wa kariere, na ninyi vijana mnaosoma ukurasa huu kwa sauti ili wengine wasikie,

Kuna habari moja ambayo redio za Bunia zinaitangaza kila wiki mbili, na leo hakuna mtu anayeacha chai yake ipoe juu yake: utawala wa kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini umeongezwa tena siku kumi na tano. Mwanzoni tulikuwa tunanyamazisha watoto ili tusikie. Sasa hata mtangazaji anaisoma haraka-haraka, kama anasoma bei ya maharagi sokoni.

Tupige hesabu, sababu mchimbaji asiyejua hesabu wanamla kwenye mizani. Katiba yetu, kifungu cha 144, inasema état de siège ni ya siku 30. Kisha inaweza kuongezwa siku 15, tena siku 15, kama Bunge la taifa na Seneti wamekubali. Kwetu ilianza tarehe 6 Mei 2021. Mwaka mmoja unabeba siku kumi na tano mara 24. Tarehe 6 Mei 2025 ilitimia miaka minne. Ni karibu mara mia moja. Kitu ambacho kimeongezwa karibu mara mia moja, tusikiite tena cha muda.

Watu wengi wanafikiri inchi inatoka katika demokrasia na kuingia katika utawala wa mabavu kwa siku moja: magari ya jeshi barabarani, muziki wa askari kwenye redio, mtu mwenye kofia anasoma karatasi. Inatokea hivyo, ndiyo. Lakini sisi tunaoshuka shimoni tunajua kwamba shimo halianzi kuanguka ile siku linapoangukia watu. Linaanza siku mtu anapotoa mti mmoja unaozuia ukuta na kusema: "Nautumia kule kidogo, kesho nitaurudisha." Kesho yake anatoa wa pili. Hakuna anayepiga kelele, sababu shimo bado limesimama.

Neno tunalotaka kusema leo ni hili: demokrasia ni tarehe. Ni ile tarehe ambayo mtu aliyepewa nguvu anajua kwamba atairudisha, apende asipende. Siku tarehe inapokufa, hata kama Katiba iko kabatini na bendera inapanda kila asubuhi, tumekwisha vuka mto.

Tusidanganyane. Mei 2021 sisi wenyewe tulipiga makofi. Tulikuwa tumezika watu wengi mno. CODECO walikuwa wanaua Djugu, ADF walikuwa wanaua Irumu, na barabara ya kwenda kariere ilikuwa kama mchezo wa bahati. Rais aliposema wanajeshi watachukua nafasi ya viongozi wa kiraia ili vita iishe, wamama wengi wa Mudzipela na Nyakasanza walishukuru Mungu. Na sisi tulishukuru. Hatuna haya ya kusema hivyo. Mtu ambaye nyumba yake inaungua haulizi mwenye kuleta maji amechaguliwa na nani.

Tena hatusemi ubaya juu ya askari wa chini. Wengi ni watoto wa maskini kama sisi, wanalala porini, na wamekufa wakituchunga.

Lakini tuangalie miti iliyotolewa. Liwali wa jimbo akawa mwanajeshi. Wakuu wa miji na wa teritware wakawa polisi na wanajeshi. Bunge la jimbo likafungwa kazi yake. Kesi za raia zikapelekwa mbele ya mahakimu wa jeshi, na mwaka 2023, baada ya mazungumzo ya Kinshasa, ndipo ilipotangazwa kwamba mambo yatalegezwa polepole. Mwaka 2024, majimbo mengine yalipopata nafasi ya kuchaguliwa maliwali, Ituri na Kivu ya Kaskazini tuliwekwa pembeni. Na pale Desemba 2023 tulikuwa tumesimama kwenye mstari tangu asubuhi, na karte zetu mkononi, kama Wakongo wengine.

Na amani? Februari 2022, katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, kule Djugu, watu zaidi ya 60 waliuawa kwa usiku mmoja, wengi wanawake na watoto. Utawala wa kijeshi ulikuwa na miezi tisa. Hatusemi kwamba raia wangefanya vizuri zaidi. Tunasema kitu kidogo tu: aliyechukua nguvu juu ya kazi fulani, anapaswa kusimama siku fulani mbele ya watu na kusema kazi imefika wapi. Hapa kwetu, nani anauliza?

Tutoe mfano wetu. Kuna kariere moja ambako ukuta uliangukia vijana wakati wa mvua. Tulitaka kujua nani aliruhusu kuchimba tena mahali palipokuwa pamekatazwa, na ile pesa ya bariere nne za kufika pale inaingia mfuko gani. Zamani, hata kama haikuwa kamili, tulikuwa tunaenda kwa mdepite wa jimbo wa kwetu, tunamwambia: "Papa, uliza hii swali pale bungeni." Safari hii tuliandika barua. Ofisi ya kwanza ilituambia si kazi yao. Ya pili ilisema mambo ya usalama hayaulizwi. Ya tatu ilichukua barua, ikapiga muhuri, mpaka leo. PDG mmoja wa shimo, mtu mzima, alitutazama akasema: "Wakubwa, tuko na nani wa kuuliza?" Hatukuwa na jibu. Bei ya kupoteza bunge la jimbo ndiyo hiyo. Watu wa Kinshasa hawaioni. Mama aliyefiwa shimoni anaiona.

Sasa turudi nyuma kidogo, sababu neno "muda mfupi" si geni katika inchi yetu.

Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua utawala. Hakusema anachukua milele. Alisema miaka mitano, ili wanasiasa waache kugombana na inchi itulie. Wazee wetu waliomsikia walisema: miaka mitano si mingi. Mwaka 1967 katiba mpya iliruhusu vyama viwili, lakini MPR peke yake ndiyo iliyoishi. Ule mwaka, sendika zote ziliunganishwa kuwa moja, ambayo baadaye iliitwa UNTZa, na sendika ikawa mkono wa chama. Miaka mitano ilipokwisha, mwaka 1970, walileta uchaguzi wenye mtu mmoja: karatasi ya kijani ni ndiyo, karatasi nyekundu ni hapana, na kila mtu anaona unashika ipi. Hesabu ya serikali ilitoa ndiyo zaidi ya milioni 10, na hapana 157. Fikirini wazee wetu wa Kilo-Moto katika ule mstari, mbele ya wakubwa wa kazi. Miaka mitano ilizaa miaka 32.

Ilirudije? Haikurudi kama zawadi. Tarehe 24 Aprili 1990, pale N'sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na machozi yalimtoka. Lakini ule mwaka Ukuta wa Berlin ulikuwa umekwisha anguka, wazungu waliokuwa wanamshika mkono walikuwa wamechoka naye, na watu walikuwa wamechoka zaidi. Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa Agosti 1991, ukafungwa kwa nguvu Januari 1992. Nani aliufungua tena? Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa walitoka makanisani na kutembea mikono mitupu. Askari walipiga risasi, watu walikufa. Aprili mkutano ulirudi. Ile siku ni ya kufundisha watoto, sababu inaonyesha kwamba mlango uliofungwa unaweza kufunguliwa, na inaonyesha pia bei yake.

Mei 1997 Mzee Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa. Shangwe ilikuwa kubwa, mpaka huku kwetu. Vyama vikaambiwa vingoje kidogo. Uchaguzi uliahidiwa kwa mwaka 1999. Agosti 1998 vita ya pili ikaanza, na tarehe ikafa. Sisi wa Ituri tunajua kilichofuata. Kati ya 1999 na 2003 kila kundi lenye bunduki lilikuwa na "serikali" yake hapa Bunia, na kila serikali ilikuwa ya muda. Tulilipa kodi kwa wote, na wote walitaka dhahabu ya Mongbwalu.

Kisha ikaja ile siku ya 30 Julai 2006. Sisi wenye miaka arobaini na kitu leo tulikuwa vijana. Tulisimama kwenye mstari pamoja na wazazi wetu, na wao pia ilikuwa mara yao ya kwanza kuchagua rais kati ya watu wengi. Baba na mtoto wanajifunza kura siku moja! Hatujasahau wino kwenye kidole.

Na bado haikutosha. Januari 2011 Katiba iligeuzwa, duru ya pili ya uchaguzi wa rais ikatolewa. Ulikuwa mti mmoja, tulinyamaza. Januari 2015 walileta sheria inayosema kwanza tuhesabu watu wa inchi nzima ndipo tuchague. Ukiisoma haraka unaona ni jambo la akili. Lakini kuhesabu watu wote wa Kongo kungechukua miaka. Ile mara wanainchi waliona mkono kwenye mti. Walitoka Kinshasa, Goma, Bukavu. Wengine hawakurudi nyumbani. Siku chache tu, Seneti ikatoa yale maneno. Mandat ya rais ikaisha Desemba 2016 bila uchaguzi, tukajifunza neno jipya, glissement, yaani kuteleza. Maaskofu wakaleta makubaliano ya 31 Desemba 2016: uchaguzi mbele ya mwisho wa 2017. Ulifanyika 30 Desemba 2018. Kwa yale matokeo kila mtu na maneno yake, lakini tarehe 24 Januari 2019 rais mmoja alimwachia mwingine kiti bila risasi, na sisi hatukuwa tumeona hiyo tangu Uhuru.

Kwa hiyo, tangu 1965, hakuna siku hata moja ambayo kiongozi alisimama akatuambia: leo demokrasia imekwisha. Kila mara walituambia: ngojeni kidogo. Na kila mara ilirudi pale watu walipokumbuka tarehe na kuidai.

Tunajua vijana wetu watasema nini. Tunakaa nao jioni, wanatuonyesha kwenye simu vijana wanajeshi wa Mali na Burkina Faso, wamesimama vizuri, wanasema maneno makali kwa wazungu. "Wakubwa, demokrasia yenu imetupa nini? Shimo ni lile lile, njaa ni ile ile. Tupate mwanajeshi mmoja wa kweli." Hatuwacheki. Hasira yao ni ya haki. Mtu aliyepiga kura mara nne na bado analipa bariere nne kila siku, ana haki ya kuuliza.

Lakini tuwaulize pia tarehe. Mali, baada ya wanajeshi kuchukua utawala Agosti 2020, waliahidi miezi 18. Miezi ikapita, wakasema Februari 2024. Ikapita. Julai 2025 wakampa mkubwa wao miaka mitano inayoweza kuongezwa, bila kura. Burkina Faso ilikuwa Julai 2024; ilipokaribia, wakaongeza miaka mitano. Ni hesabu ya Mobutu ile ile. Na hapa karibu, ng'ambo ya Ziwa Albert, Rais Museveni aliingia mwaka 1986 akisema shida ya Afrika ni viongozi wanaokaa kupita muda. Mwaka 2005 kizuizi cha mandat kilitolewa. Mwaka 2017 kizuizi cha umri kilitolewa. Wachimbaji waliozaliwa alipoingia wamekuwa babu.

Kuna pia mfano wa upande mwingine. Senegal, Februari 2024, rais alisogeza uchaguzi mbele wiki tatu tu kabla ya siku yake. Watu walitoka barabarani, na Baraza la Katiba likasema hapana. Tarehe 24 Machi walipiga kura, na mtu aliyekuwa gerezani siku kumi nyuma akashinda duru ya kwanza. Senegal si inchi ya malaika. Tofauti ni kwamba siku ile ile tarehe iliposogezwa, watu waliona.

Sasa tuje nyumbani, na hapa ndipo panapouma.

Afrika Kusini, sendika ya wachimbaji NUM ilizaliwa mwaka 1982. Mchimbaji mweusi hakuwa na haki ya kuchagua wabunge wa inchi. Lakini kule migodini alichagua mjumbe wake wa shimo, na mjumbe asipofanya kazi wanamtoa. Mwaka 1987 waligoma wiki tatu, wengi walifukuzwa. Lakini 1994 ilipofika, siku watu weusi wa inchi ile walipopiga kura mara ya kwanza, wachimbaji walikuwa wanajua kura ni nini. Walikuwa wameifanyia mazoezi chini ya ardhi. Na ile sendika, viongozi wake walipoanza kuwa mbali na watu wao, wachimbaji wengi waliihama. Mwaka 2012 pale Marikana polisi waliua wachimbaji 34 kwa siku moja, na wale waliogoma walikuwa hawana tena imani na sendika yao ya zamani.

Basi tuseme ukweli wetu. Sisi tunaoandika haya ni komite ya sendika. Mandat yetu ilikuwa ya miaka mitatu. Imekwisha zamani. Tulipaswa kuita mkutano mkuu. Tulisema barabara si salama, wajumbe wa mbali hawataweza kufika. Ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata tulisema tena, na ilikuwa kweli nusu. Mwaka huu mama mmoja anayetwanga mawe alitusimamisha karibu na soko kuu akasema: "Ninyi munalia juu ya siku kumi na tano za serikali. Zenu ni siku ngapi?" Tulitafuta maneno, hatukupata. Sanduku la michango liko kwetu, muhuri uko kwetu, na hakuna aliyetuchagua kwa mwaka huu. Glissement iko mpaka ndani ya nyumba yetu.

Tumeelewa kitu. Mtu anayeongeza muda wake si lazima awe mbaya. Mara nyingi anaamini kweli kwamba bila yeye mambo yataharibika. Ndiyo maana tarehe haipaswi kutoka katika moyo wa kiongozi. Inapaswa kutoka nje yake, na kushikwa na wengine.

Basi tunaahidi mbele yenu: mkutano mkuu utafanyika mbele ya Noeli, hata kama wajumbe wa mbali watapiga kura kwao na kuleta sanduku lililofungwa. Hesabu ya michango itasomwa kwa sauti, franga kwa franga. Wale kati yetu waliokwisha kukaa mandat mbili hawatasimama tena. Tukishindwa, mtusomee gazeti hili usoni.

Tukiisha kusafisha mlango wetu, tutakuwa na mdomo wa kusema kwa wakubwa. Tunaomba mambo matatu tu. La kwanza: utawala wa kijeshi upewe tarehe ya mwisho, moja, iliyoandikwa. Kile kifungu cha 144 kinawapa wabunge na maseneta nguvu ya kuumaliza kwa sheria wakati wowote. Wale wa kwetu watuambie wanapiga kura gani kila siku kumi na tano. La pili: Ituri iwe tena na bunge la jimbo linalofanya kazi, ili tuwe na mtu wa kuuliza. Vita na maswali vinaweza kuwa pamoja. Mahali pasipo na maswali ndipo bariere zinapozaliana. La tatu: tangu Oktoba 2024, Rais aliposema Kisangani kwamba itaundwa komisio ya kufikiri juu ya Katiba, maneno ni mengi. Tunaweza kuzungumza vifungu vingi. Lakini kifungu cha 220, kinachokataza kugusa hesabu na urefu wa mandat za rais, kiliandikwa na watu waliokuwa wametoka kuishi ile miaka mitano iliyokuwa 32. Ule ni mti wa katikati ya shimo. Tusiuguse.

Na ninyi ndugu, kazi yenu ni ndogo, mtu anaweza kuifanya hata akiwa amechoka. Nunueni kalenda. Andikeni juu yake tarehe ya mwisho ya rais, ya mbunge, ya mkuu wa kooperative, ya PDG aliyeahidi kuwalipa, na yetu sisi. Siku ikifika, mje kubisha hodi. Tutafungua.